Tiketi Moja, Mashirika Matatu: Miungano ya Ndege na Msafiri wa Morogoro

Muungano wa mashirika ya ndege ni makubaliano ya kudumu ambayo kwayo mashirika yenye wamiliki, ndege na bendera tofauti huuziana viti, hupokezana abiria na mizigo, na huhesabiana pointi za wateja wao. Duniani kuna miungano mikubwa mitatu. Star Alliance iliundwa Mei 1997 na mashirika matano, yakiwamo Lufthansa na United, na sasa ina zaidi ya mashirika 20. Oneworld ilianza kazi Februari 1999, British Airways na American Airlines yakiwa miongoni mwa waasisi. SkyTeam ilizaliwa Juni 2000 kwa Air France, Delta, Korean Air na Aeroméxico. Miungano yote mitatu inafika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam. Ethiopian Airlines, Turkish Airlines na EgyptAir ni wanachama wa Star Alliance. KLM na Kenya Airways ni wa SkyTeam. Qatar Airways ni wa oneworld, ambako Oman Air nayo ilijiunga mwaka 2025. Nje ya miungano hiyo wamo Emirates, flydubai, RwandAir na Air Tanzania yenyewe.

Sababu ya kuwapo kwa miungano hii ni ya kisheria kabla ya kuwa ya kibiashara. Tangu Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, anga ni mali ya nchi, na haki ya kubeba abiria kati ya nchi mbili hutolewa kwa mapatano ya serikali na serikali. Nchi nyingi pia haziruhusu shirika lao la ndege limilikiwe na wageni kwa sehemu kubwa. Kampuni ya saruji ya nchi moja yaweza kuinunua ya nchi nyingine ikaendelea na kazi. Shirika la ndege likifanya hivyo linaweza kupoteza haki za kuruka. Uzito wa mapatano hayo ulionekana wazi Januari 2024, pale Tanzania ilipotangaza kusitisha safari za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam, kwa sababu Kenya ilikuwa imeinyima Air Tanzania haki za kubeba mizigo kupitia Nairobi. Mgogoro ulimalizwa haraka na serikali hizo mbili, lakini ulikumbusha kwamba njia ya angani inaweza kufungwa kwa barua moja. Mashirika yasiyoweza kuungana kwa ndoa hubaki na urafiki wa mkataba, na huo ndio muungano.

Kwa msafiri wa Morogoro, jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana ukiwa Mji Kasoro Bahari. Mkoa hauna ndege hata moja ya ratiba ya kimataifa. Anayetoka mjini, au Kinole na Matombo kwenye miteremko ya Uluguru, hufika kwanza Dar es Salaam kwa basi kutoka Msamvu, au kwa treni ya mwendokasi ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ndipo aingie Jengo la Tatu la uwanja wa ndege. Na mara nyingi anakokwenda hakuna ndege ya moja kwa moja. Mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo anakwenda Ås nchini Norway au Wageningen nchini Uholanzi, miji yenye vyuo ambavyo Sokoine imeshirikiana navyo kwa miaka mingi. Mfanyabiashara wa Soko Kuu la Chifu Kingalu anafuata bidhaa China. Hata panya buku wa shirika la APOPO, wanaofundishwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini, husafiri kwa ndege: Magawa, aliyepata medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020, alipelekwa Cambodia kufanya kazi. Nyingi ya safari za namna hii ni za kuunganisha, na abiria wa kuunganisha ndiye ambaye miungano humgusa zaidi, kwa heri na kwa shari.

Ushirikiano una ngazi, na makosa mengi ya wasafiri hutokana na kuzichanganya. Ngazi ya chini ni kupokezana tu: shirika moja linakubali kuandika safari ya jingine kwenye tiketi yake na kupitisha begi hadi mwisho wa safari. Juu yake kuna kuazimana namba, yaani shirika linauza kiti kwa namba yake katika ndege ya mwenzake. Tiketi yenye herufi KL za KLM inaweza kumpandisha abiria ndege ya Kenya Airways yenye herufi KQ. Ngazi ya tatu ni uanachama wa muungano, unaoleta pointi, vyumba vya kupumzikia na kaunta za pamoja. Ngazi ya juu kabisa ni ubia wa mapato: mashirika yanapanga ratiba na nauli pamoja na kugawana fedha za njia fulani kana kwamba ni kampuni moja. Nembo ya muungano hubandikwa kwenye ubavu wa ndege, lakini ushindani huumia au kupona hasa katika ngazi hii ya nne, ambayo haina nembo yoyote.

Faida ya ushirikiano kwa mlaji inaeleweka vizuri zaidi pale mashirika yanapokamilishana. Shirika la kwanza linamtoa abiria Dar es Salaam hadi kitovu chake, la pili linamchukua hapo hadi mji asiofika la kwanza. Kila moja likipanga nauli ya kipande chake peke yake, hutia faida yake bila kujali kwamba nauli ikipanda mno abiria ataacha safari nzima na mwenzake atakosa pia. Yakipanga pamoja, yanaona hasara hiyo na kupunguza. Wachumi Jan Brueckner na Tom Whalen, katika utafiti wao wa safari za kimataifa za Marekani uliochapishwa mwaka 2000, walikuta nauli za kuunganisha kati ya washirika zikiwa chini kwa takriban asilimia 25 ukilinganisha na mashirika yasiyo na ushirika. Si lazima kiwango hicho kiwe hicho hicho Afrika Mashariki, ila mantiki ni ile ile: mtu anayekwenda mji mdogo wa Ulaya au wa China hunufaika na ushirikiano kuliko anayekwenda mji mkubwa.

Madhara huja pale wanaoshirikiana walipokuwa wapinzani katika njia moja. Ni kama mawakala wa mabasi mawili ya Dar pale Msamvu wakikubaliana kugawana mapato ya siku: hakuna tena anayepiga kelele kumvuta abiria, na nauli haina sababu ya kushuka. Ndiyo maana mamlaka za ushindani hutazama njia moja moja, mji kwa mji, badala ya kuuhukumu muungano mzima. Mwaka 2010 Tume ya Ulaya iliruhusu ubia wa British Airways, American Airlines na Iberia kuvuka Atlantiki kwa sharti la kuwaachia wapinzani nafasi za kutua na kuruka London, kwa kuwa baadhi ya njia zilikuwa zinabaki bila mshindani wa kweli.

Mfano wa karibu zaidi na Morogoro ni wa KLM na Kenya Airways. KLM ilinunua asilimia 26 ya Kenya Airways serikali ya Kenya ilipolibinafsisha shirika hilo katikati ya miaka ya 1990. Kwa miaka mingi mashirika hayo mawili yaliendesha pamoja njia kati ya Nairobi na Amsterdam, na hatimaye ubia ukaijumuisha Air France. Kenya Airways ikaingia SkyTeam, kwanza kama mshiriki mwaka 2007, kisha mwanachama kamili mwaka 2010. Mwaka 2003 Kenya Airways nayo ilikuwa imenunua asilimia 49 ya Precision Air ya Tanzania, hisa zilizopungua baada ya Precision kuuza hisa kwa umma katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2011. Ukiutazama mnyororo huo kwa jicho la mtu wa Morogoro anayekwenda Uholanzi, picha ilikuwa ya namna yake: KLM ikitoka Dar es Salaam yenyewe, Kenya Airways ikipitia Nairobi na kumkabidhi abiria kwa mbia wake, na Precision ikimbeba hadi Nairobi. Katika tangazo hayo yalikuwa mashirika matatu ya kuchagua. Katika kupanga nauli, hayakuwa na sababu kubwa ya kupigana.

Msafiri huyo aliokolewa na walio nje ya mnyororo. Qatar Airways, Turkish Airlines, Ethiopian Airlines na Emirates yote yanauza safari za Dar es Salaam hadi Ulaya kupitia Doha, Istanbul, Addis Ababa na Dubai, na yanafika huko kwa njia ndefu zaidi ila kwa nauli zinazolazimisha wengine kujibu. Mwaka 2021 ubia wa Kenya Airways na Air France-KLM ulivunjwa, ingawa uanachama wa SkyTeam ulibaki. Hali ya njia ya Nairobi ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa kitovu cha mbali hakisaidii kwenye safari ya saa moja na nusu. Hapo nauli ilitikiswa na shirika la gharama nafuu la fastjet, lililoanza kuruka Dar es Salaam hadi Nairobi Januari 2016 baada ya kusubiri vibali kwa muda mrefu. Halikudumu katika njia hiyo, na kufikia mwanzo wa mwaka 2019 lilikuwa limetoweka Tanzania kabisa. Air Tanzania iliingia Nairobi mwaka 2021. Katika njia fupi kama hii, mshindani mmoja asiye na mkataba na wengine ana thamani kwa mlaji kuliko nembo zote tatu za miungano.

Tanzania yenyewe imewahi kujaribu ndoa na urafiki, na haikubahatika. Katikati ya miaka ya 1990 Air Tanzania, Uganda Airlines na shirika la ndege la Afrika Kusini, SAA, yaliunda shirika la pamoja lililoitwa Alliance Air. Lilifungwa mwaka 2000 likiwa na hasara. Mwaka 2002 SAA ikanunua asilimia 49 ya Air Tanzania kwa ahadi ya kuifanya Dar es Salaam kitovu cha Afrika Mashariki. Ahadi haikutimia, na ubia ukavunjika mwaka 2006. Tangu kufufuliwa kuanzia mwaka 2016 kwa ndege zinazonunuliwa na serikali, Air Tanzania imefungua njia za mbali zikiwamo Mumbai na Guangzhou, ambazo ni faraja kwa mgonjwa na mfanyabiashara asiyetaka kulala uwanjani. Lakini kushirikiana na wakubwa kumekuwa kugumu zaidi. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kwenye anga yake kwa sababu za usalama, na Juni 2025 zuio likapanuliwa kwa mashirika yote yenye cheti cha Tanzania. Shirika lililomo kwenye orodha hiyo halivutii mshirika wa Ulaya, na aliye Morogoro analipa sehemu ya gharama hiyo kwa kukosa nauli ya kuunganisha inayoanzia kwa shirika la nyumbani.

Katika kununua tiketi, hatua ya kwanza ni kulinganisha miungano dhidi ya miungano, wala si mashirika ya muungano mmoja pekee. Bei ya KLM na bei ya Kenya Airways kwa safari ya Amsterdam, hata baada ya ubia wao kuvunjwa, hazitoshi peke yake kwa ulinganisho. Ulinganisho wenye maana ni wa SkyTeam kwa upande mmoja, Star Alliance na oneworld kwa upande wa pili, na Emirates aliye peke yake. Wakala wa tiketi akileta bei tatu, inafaa aulizwe ndege ni za nani. Mara nyingine bei tatu hizo ni kiti kimoja katika ndege moja, kilichouzwa kwa namba tatu.

Hatua ya pili ni kusoma maneno madogo yanayotaja shirika linaloendesha ndege. Hilo ndilo linaloamua ukubwa wa kiti, chakula, na kaunta ya kupangia foleni, na pia haki za abiria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inampa abiria fidia ya hadi euro 600 kwa safari inayozidi kilomita 3,500, ndege ikifutwa ghafla au ikichelewa sana kwa sababu iliyo ndani ya uwezo wa shirika. Kwa anayeanzia safari nje ya Ulaya, kanuni hiyo hutegemea shirika linaloruka. Ndege ya KLM kutoka Dar es Salaam kwenda Amsterdam imo. Ndege ya Kenya Airways kutoka Nairobi yenye namba ya KL kwenye tiketi haimo. Tofauti ya dola 30 katika nauli inaweza kuwa ndogo kuliko tofauti hiyo ya haki, hasa kwa mtu mwenye mkutano wa siku moja. Anayerudi kutoka nchi ya Umoja wa Ulaya analindwa na kanuni hiyo kwa shirika lolote analopanda huko.

La tatu, na pengine ndilo zito kuliko yote, ni kuhakikisha safari yote iko kwenye tiketi moja. Kinachomlinda abiria ni mkataba, na nembo ya muungano haitoshi kuwa mkataba. Mtu anaweza kununua tiketi mbili tofauti za mashirika mawili ya SkyTeam, akachelewa Nairobi, na la pili likamhesabu kuwa hakutokea. Kwenye tiketi moja, mashirika yana wajibu wa kumtafutia ndege nyingine, na begi huandikiwa moja kwa moja hadi mwisho. Kwenye tiketi mbili huenda akalazimika kutoka nje kuchukua begi, jambo linaloweza kudai viza ya nchi asiyokusudia kuingia. Treni ya SGR na basi la Msamvu navyo ni tiketi nyingine katika hesabu hii. Treni ikisimama Ngerengere kwa hitilafu ya umeme, shirika la ndege halidaiwi kitu. Anayeondoka na ndege ya alfajiri ana usalama zaidi akilala Dar es Salaam kuliko akitegemea usafiri wa usiku.

Kuhusu mizigo, tiketi moja ya mashirika kadhaa huwa na kiwango kimoja kilichoandikwa juu yake, na hicho ndicho cha kushikilia kaunta ikileta ubishi. Hili lina maana kwa wanaobeba mdalasini, iliki na pilipili manga za Uluguru kama sampuli kwa wanunuzi wa nje: kilo zinazozidi hulipiwa ghali kuliko thamani ya viungo vyenyewe, na nchi nyingi hutaka cheti cha afya ya mimea kwa mazao ya aina hiyo. Cheti kinatafutwa kabla ya safari, wala si kwenye foleni.

Pointi za safari ni chambo kizuri kwa anayesafiri mara nyingi na mtego kwa anayesafiri mara chache. Anayekwenda nje mara moja kwa miaka miwili hatafika daraja lenye faida, na pointi zake huenda zikaisha muda kabla hazijatumika. Kulipa zaidi ili azipate ni kujipunja. Kwa mtafiti anayeruka kila baada ya miezi michache, daraja la juu la muungano huleta begi la ziada na chumba cha kupumzikia kwa mashirika yote wanachama. Hata hivyo pointi ndizo zinazomfanya mtu asiangalie tena bei ya upande wa pili, na mashirika yanalijua hilo vizuri.

Wanaosafiri kwa fedha za ufadhili wana kikwazo chao. Ruzuku za serikali ya Marekani hufuata sheria ya miaka ya 1970 inayotaka msafiri atumie shirika la Marekani, na kiti kilichouzwa kwa namba ya shirika la Marekani katika ndege ya mshirika wake kinakubalika. Hapo kuazimana namba kunageuka kuwa tofauti kati ya gharama kulipwa na kukataliwa. Ofisi ya fedha ya chuo inapaswa kuulizwa kabla ya tiketi kukatwa, kwa kuwa namba ya ndege haibadilishwi baada ya safari.

Kwa upande wa usimamizi, Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza makubaliano yenye lengo au matokeo ya kufifisha ushindani, na inahesabu kampuni yenye sehemu kubwa ya soko, yenye uwezo wa kujipangia bei bila kuwaogopa wengine, kuwa na nguvu kubwa sokoni. Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Huduma za ndege zenyewe ziko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na abiria wana chombo chao, Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga. Malalamiko huanzia kwa shirika la ndege kwa maandishi, kisha TCAA, na rufaa dhidi ya uamuzi wa TCAA huenda Baraza la Ushindani. Mtu binafsi hana uwezo wa kuthibitisha kwamba mashirika mawili yamepanga nauli pamoja, lakini bei zilizohifadhiwa kwa tarehe na njia ni ushahidi ambao mamlaka hukosa pale kila abiria anapokaa kimya.

Kwa madai ya begi au ucheleweshaji, kinga kuu ni Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania imo. Mkataba huo unaondoa ujanja wa kurushiana lawama kati ya shirika lililouza tiketi na lililoruka: abiria anaweza kulidai lolote kati ya hayo mawili kwa kilichotokea katika ndege husika. Kikomo cha fidia ya begi, tangu mwisho wa Desemba 2024, ni vipimo 1,519 vya fedha ya Shirika la Fedha la Kimataifa, zaidi kidogo ya dola 2,000 za Marekani. Fomu ya begi lililokosekana ijazwe kabla ya kutoka uwanjani, na nakala ya lebo ya begi itunzwe pamoja na risiti. Begi lililoharibika hulalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu lipokelewe, na lililochelewa ndani ya siku 21 tangu lifike mikononi. Shauri la mahakamani hufa miaka miwili baada ya siku ndege ilipofika au ilipotakiwa kufika.